Televisheni ya Zamu

Mwezi uliopita mume wangu alinunua feni. Alilifungua boksi palepale sebuleni, na alipolivuta lile povu gumu jeupe wanalokingia vitu vya umeme, likasuguana na boksi likalia kwii, mlio mwembamba unaokera mpaka kwenye meno. Nikatoka nje. Nikasimama uani nimeshika mti wa kamba ya nguo, na yeye akanifuata kuniuliza kama nina mimba. Nikamwambia sina, ni kelele tu. Sikumweleza zaidi, maana kuna wanaume ukiwaanzia habari za baba yako wanadhani unawapiga kijembe wao.

Nyinyi nitawaambia. Mlio ule nimeusikia mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu wa Kasingirima. Kwa watu wengine povu hulia mara moja tu, siku kitu kinapoingia nyumbani, halafu watoto wanalivunjavunja na upepo unalipeleka kwa jirani. Kwetu lililia kila baada ya siku mbili, kwa mwaka mzima na miezi kadhaa. Lililia asubuhi televisheni ilipofungwa ndani ya boksi lake, na likalia tena jioni, siku mbili baadaye, ilipofunguliwa. Televisheni yetu ilikuwa na zamu.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye wa kwanza, na tulikaa naye hapa Ujiji, mimi na mdogo wangu Juma, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza ambapo mama aliuza mawese kwa chupa. Mke wa pili, mama mdogo Zaina, alikaa Katonga karibu na mwalo wanakoshushia samaki, na alikuwa na binti mmoja, Ramla, niliyempita mwaka mmoja. Baba alinunua dagaa palepale mwaloni, akawaanika, akawapakia magunia kwenda mikoani. Alilala siku mbili kwetu na siku mbili Katonga, na katika hilo hakukosea. Mvua inyeshe, malaria imkamate, barabara iharibike, zamu ikifika utamsikia anakohoa barazani.

Watu wa mtaa walimsifu kwa uadilifu wake. Akinunua kitenge ananunua viwili, vya rangi moja, visije vikaleta maneno. Akileta sukari kilo mbili kwetu, kilo mbili zimekwenda Katonga. Mama alikuwa akisema, "Huyu akinunua sindano atanunua mbili, na mwenzangu hata kushona hajui." Alilisema kwa kucheka, na sisi tukacheka. Mama alikuwa na ulimi, nami nimeurithi, kama mtakavyoona.

Sasa, dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki, na mitumbwi inavutwa nchi kavu kwa siku kadhaa. Siku hizo tunaziita mbalamwezi, na wiki zile nyingine tunaziita giza. Mwaka ule giza moja lilikwenda vizuri sana, baba akarudi na uso wa mtu aliyeota jambo jema. Alisema nyumba yake nayo itakuwa na televisheni. Alipokwisha kulisema akanyamaza, kwa sababu alikumbuka kwamba hana nyumba, ana nyumba mbili. Pesa yenyewe ilitosha televisheni moja, tena isiwe ya makuu.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anayeteswa na kitu ambacho hajakinunua. Baba alilizungusha jambo lile wiki nzima. Mama alimwambia iwekwe kwetu, wa Katonga wawe wanakuja kuangalia. Bila shaka mama mdogo naye alimwambia iwekwe kwake, wa Ujiji wawe wanakwenda. Mwisho baba akaja na hukumu yake, akaitoa wakati wa chakula, mkono ukiwa bado kwenye ugali: itakaa pale anapolala yeye. Akija, inakuja. Akiondoka, inaondoka naye.

"Kama mswaki," mama alisema.

Baba alisema haki ni haki, na ili nyumba yoyote isinung'unike, siku ya kwenda kuichagua atachukua mtoto mmoja kutoka kila upande. Kwetu nikawa mimi, maana Juma alikuwa na miaka sita na angeweza kuchagua jokofu.

Asubuhi ya siku hiyo mama alinisuka nywele nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake. Alisuka kwa kubana, kichwa kikaniuma. Alipofika utosini akainama karibu na sikio langu.

"Mtaonyeshwa nyingi," akasema. "Wewe chagua ile yenye chogo. Ile kubwa, nzito. Baba yako akikuuliza, useme hiyo."

"Kwa nini mama?"

"Nzito ndiyo imara. Umesikia? Hata wakikuonyesha nyingine nzuri."

Nilisema nimesikia. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa mtoto wa kutumwa, nikitumwa chumvi sirudi na sukari. Nililirudia lile neno njia nzima hadi madukani Mwanga: chogo, kubwa, nzito.

Duka lilikuwa la mzee mmoja mnene aliyevaa kofia ya kiua. Watu walimwita Fundi kwa kuwa alichouza mbele alikitengeneza nyuma. Ndani kulikuwa na harufu ya risasi ya kulehemu na vumbi lililoungua. Upande mmoja zilipangwa zile za chogo, zilizotumika ng'ambo, nyingine zikiwa bado na karatasi zenye maandishi ya watu tusiowajua. Upande wa pili ziliwekwa za flati, chache, mpya, zimefunikwa nailoni. Kwa pesa ya baba uchaguzi ulikuwa mfupi. Angepata chogo moja pana iliyotumika, au flati moja ndogo mpya.

Fundi aliitetea ile ya chogo kwa moyo wote. Alisema umeme wa hapa ukiyumba, hiyo haitetereki. Alisema baba ataiacha iwe urithi. Baba alimsikiliza, kisha akamuuliza ina kilo ngapi.

"Mzee," Fundi alisema, "televisheni haipimwi kilo. Hii si dagaa."

Baba alichuchumaa, akaikumbatia ile ya chogo, akaiinua, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Mishipa ya shingo ilimtoka, na kofia ikamwangukia usoni. Alipoiweka chini alihema kwanza. Halafu akaenda kwenye ile flati, akaibeba kwapani, akatoka nayo hadi barazani, akapanda ngazi, akashuka ngazi, akarudi hajatoa hata jasho.

"Samahani mzee wangu," Fundi akasema, "unanunua ya kuangalia au ya kukimbia nayo?"

Mimi na Ramla tulicheka tukaegemeana. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja. Tulikuwa tumekaa kwenye kiti kimoja muda wote ule bila kusema neno, kila mmoja akiangalia viatu vya mwenzake.

Fundi akaziwasha zote mbili. Kwenye chogo picha ilikuwa nzuri, sina la kusema, ila ilikuwa na ukungu kidogo pembeni. Kwenye flati kulikuwa na mwanamke anakata embe. Sijui ilikuwa nchi gani. Rangi ya embe ile sijaiona tena, wala kwenye embe lenyewe. Maji yake yalimtiririka mkononi nikaona kila tone.

"Haya Mwamini," baba akasema, "wewe ndiye mkubwa. Tuchukue ipi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilisahau maneno ya mama. Sikusahau. Yalikuwa palepale kwenye ulimi, chogo, kubwa, nzito, na ngozi ya kichwa ilikuwa bado inaniuma kwa misuko yake. Nikanyoosha kidole kwenye embe.

"Na wewe Ramla?"

"Hiyohiyo," Ramla akasema haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipokuwa watu wazima ndipo aliponiambia kwamba naye alipewa maagizo. Mama yake alimwambia achague inayobebeka.

Baba alifurahi sana. Alimwambia Fundi, "Unaona? Nyumba zote mbili zimekubaliana." Akamshika kila mmoja wetu kichwa, mkono mmoja kwangu na mmoja kwa Ramla, kwa uzito uleule.

Tulipofika nyumbani mama alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Alilitazama lile boksi jembamba kabla halijafunguliwa. Akaliinua kwa mkono mmoja, akaliweka.

"Nyepesi," akasema. Halafu akamwambia baba hongera, akarudi jikoni kuangalia samaki wake wa migebuka wasiungue. Nilimsubiri anigombeze siku ile, na kesho yake, na wiki ile yote. Hakunigombeza. Nikadhani amesahau, nami nikasahau kwa raha zangu.

Basi mwaka wa povu ukaanza. Siku ya zamu kwisha baba aliamka, akaswali, akanywa chai, akaivisha televisheni nailoni yake, akaiingiza ndani ya boksi kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. King'amuzi kilifungwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na rimoti. Halafu anapanda bodaboda, boksi mapajani, mikono miwili imelikumbatia, na dereva ameambiwa asivuke shimo kwa fujo. Antena peke yake ndiyo ilikuwa na makazi ya kudumu. Alinunua mbili, moja juu ya bati letu na moja Katonga. Mama alisema kwamba kumbe antena ndizo wake zake halisi.

Mtaa mzima ulijua ratiba yetu. Watoto wa jirani hawakuuliza kama baba yangu yupo, waliuliza, "Boksi limerudi?" Wakubwa nao hawakubaki nyuma. Baba akipita na bodaboda asubuhi utasikia mtu barazani akipaza sauti kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye! Leo sinema inahamia Katonga?" Na yeye akicheka, akiinua kidevu kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Hakuona haya. Alikuwa anatenda haki, na haki haina haya.

Siku nzuri kuliko zote zilikuwa za mbalamwezi zikiangukia kwetu. Hakuna mitumbwi, hakuna dagaa, hakuna simu za mwaloni. Baba alishinda nyumbani na fulana yake ya mikono mifupi. Mama alipika migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, tukala mbele ya televisheni, kitu ambacho siku nyingine kilikatazwa. Mama alikaa upande wa kushoto wa baba, anamuuliza yule ni nani na kwa nini analia, na baba anamwelezea hata asichokijua. Mara nyingine alimdanganya makusudi, mama akagundua, akampiga na kipepeo cha moto. Ninayaona yote hayo sasa. Wakati ule sikuyatazama, nilitazama kioo.

Na hapa niseme jambo ambalo halinipendezi. Mimi sikuhesabu siku za baba. Nilihesabu siku za televisheni. Asubuhi boksi lilipofungwa nililia machozi ya kweli, Juma akalala chini akapiga teke sakafu, na baba akadhani tunamlilia yeye. Alitubusu vichwani, akatuambia atarudi kesho kutwa. Mama aliyajua machozi yetu yanamwendea nani. Alitufuta tu.

Ilipokaribia mwaka, baba akaanza kulalamika mgongo. Bodaboda zilipanda bei. Siku moja mvua iliwakuta njiani na boksi likalowa, akalikausha kwa pasi, kipande kwa kipande, akililaani. Halafu ikaja jioni moja ya zamu yetu ambapo bodaboda ilisimama mlangoni, dereva akashusha boksi na mfuko wa rambo, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Na mwenyewe?" mama akamuuliza.

"Kasema anakuja, mama. Ana mzigo wa kupakia."

Tukamshangilia dereva kana kwamba ndiye aliyeinunua. Nilikuwa nimeshajua kuunganisha waya zote, na kabla mama hajafika kutoka mlangoni picha ilikuwa imeshatokea. Baba alikuja kesho yake mchana, akala, akalala kidogo, akaondoka nayo. Ikatokea tena. Ikatokea mara ya tatu, nami sikuona tofauti yoyote. Mama alianza kukaa kwenye mkeka na mgongo kwenye kioo, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Baba alirudi kutoka msikitini na watu wawili, kaka yake ambaye sisi tulimwita baba mkubwa, na mwalimu wetu wa madrasa. Niliwaamkia, shikamoo baba mkubwa, shikamoo mwalimu, nikawatandikia mkeka. Nilidhani wamekuja kula. Mama alikuwa amepika pilau kwa kuwa aliambiwa kuna wageni. Televisheni ilikuwepo, imewashwa, katuni zinaendelea kwa sauti ndogo. Baba hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akajikohoza.

"Mwamini. Njoo hapa na mwenzako."

Tukaja.

"Hii televisheni," akasema, "mngependa iwe inabaki hapa? Isiende tena Katonga?"

Juma aliuliza, "Siku zote?"

"Siku zote."

Nikasema ibaki. Nikasema tena, ibaki, baba, ibaki. Nilimshika Juma mikono, tukazunguka sebule nzima, tukaruka, tukagonga meza, kikombe kikaanguka na hakuna aliyetugombeza. Juma aliimba kitu chake mwenyewe kisicho na maneno. Hatukuwahi kucheza ndani ya nyumba ile namna hiyo, wala sikukuu.

Tulipochoka kidogo, nikasikia baba anasema, "Mama Mwamini, umewasikia wanao. Na wewe unasemaje?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mwiko mkononi. Baba mkubwa aliangalia mkeka. Mwalimu akasema kwa upole, "Sema kwa radhi yako, mama. Hulazimishwi."

Mama aliugeuza mwiko mkononi, akaugeuza tena. Nilijua sababu, au nilidhani najua: anawaza umeme wa Luku, sasa utakuwa unaisha upesi. Nikamwangalia kwa macho ya kumbembeleza. Nikamnong'oneza, na nina hakika alinisikia, "Mama, tutakuwa tunazima mapema."

Alinitazama mimi, akamtazama Juma.

"Ibaki," akasema.

"Umeridhia?" mwalimu akauliza.

"Nimeridhia."

Baba mkubwa akasema alhamdulillahi, pilau ikaletwa, ikaliwa, dua ikasomwa. Baba alikusanya vitu vyake chumbani: kanzu, wembe, ile fulana ya mikono mifupi. Kabla ya kuondoka aliniita kutoka barazani nimsindikize mpaka barabarani, kama kawaida yetu. Nikaitikia, "Nakuja baba." Kwenye katuni kulikuwa na paka anamfukuza panya, na panya alikuwa karibu kuingia kwenye shimo. Sikunyanyuka. Niliposikia bodaboda inaondoka nikafikiri, leo mikono yake iko huru, atashika vizuri.

Siku mbili zikapita, na nyingine mbili. Nikamuuliza mama zamu ya baba ni lini, akasema yuko kazini. Giza likaisha, mbalamwezi ikaja, mitumbwi ikavutwa nchi kavu, baba hakuja. Alikuja siku ya Idi, na nguo zetu, na unga. Alifika barazani akasimama, akasema, "Hodi."

Baba yangu alipiga hodi nyumbani kwake. Juma alimkimbilia. Mama alimkaribisha, akamtandikia mkeka wa wageni, akamletea maji ya kunawa. Alikunywa chai, akauliza maendeleo ya shule, akasifu picha ya televisheni kwamba bado ni safi, akaondoka kabla ya adhuhuri. Tangu siku hiyo akawa wa hodi daima. Hakumwacha mama, mnielewe, talaka haikutoka. Mama alibaki kuitwa mke wa fulani, na ada za shule zilikuja, nyingine kwa kuchelewa. Sitaki mmwone baba mkatili. Angekuwa mkatili ingekuwa rahisi kwangu.

Televisheni yenyewe ilidumu miaka miwili tu. Umeme uliyumba usiku mmoja, kama Fundi alivyosema, ikatoa moshi mwembamba na haikuwaka tena. Baba alituma salamu kwamba ataiangalia. Mama akampa mtu wa vyuma chakavu, bure. Zamu haikurudi.

Miaka ikaenda, nikapata mchumba, nikawekwa ndani siku chache kabla ya harusi, nikaletewa somo wa kunifunda. Alikuwa Bi Mwajuma wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliyenifundisha mengine ambayo siyaandiki hapa. Alipofika kwenye haki za mke alihesabu kwa vidole. Chakula. Mavazi. Pa kulala. Akasimama kwenye kidole cha nne.

"Na ikitokea mmekuwa wawili," akasema, "zamu. Zamu ni mali yako kama mahari ilivyo mali yako. Mume hawezi kukunyang'anya. Wazee hawawezi. Akitaka kuipunguza ni lazima akuombe mbele ya watu, akupe kitu, nawe uridhie kwa mdomo wako. Ukisema sitaki, nataka siku zangu, basi, hana njia. Lakini ukisema nimeridhia, mwanangu, hata kama umepewa kanga moja, imekwenda."

Nikamuuliza, "Hata kama umepewa televisheni?"

Bi Mwajuma alikunja vidole vyake. Ujiji ni mji mdogo, naye alikuwa jirani yetu mwaka ule wa povu.

Nilitoka uani, na mwali hatakiwi kutoka. Mama alikuwa peke yake kwenye mafiga, anapalilia sufuria ya wali wa shughuli, anapanga makaa juu ya mfuniko kwa kibanio, moja moja. Moshi ulimwingia machoni na hakuyafumba.

"Mama," nikasema, "siku ile ungeweza kukataa?"

Hakuniuliza siku ipi. "Ningeweza."

"Ungesema nini?"

"Ningesema nataka siku zangu. Mwalimu aliletwa kwa ajili hiyo."

"Mbona hukusema?"

Akaweka kaa jingine. "Mlikuwa mnacheza," akasema. "Wewe na Juma, mmeshikana mikono. Ningesemaje, na nyinyi mnacheza?"

Nimekwisha kujiambia kwamba nilikuwa mtoto, na asiyejua maana haambiwi maana. Ni kweli, na hainisaidii. Baba alijua tutajibu nini, ndiyo maana alituuliza sisi kwanza na mama baadaye. Mtu aliyekwenda dukani na watoto wawili ili haki itendeke, alijua vizuri sana kazi ya mtoto katika uchaguzi. Nimemsamehe kuondoka, wanaume huondoka. Kututumia sisi kumfunga mama mdomo sijamsamehe, na kila Idi nikimpelekea sukari huko Katonga nampa mkono nikiwa bado sijamsamehe. Nilitumwa kitu kizito nikaleta chepesi, kisha nikaulizwa mara ya pili nikachagua kilekile. Lakini lipo jambo moja ambalo lingeniponya, na siku ile nililitafuta palepale kwenye moshi. Kuna wanawake wengi ambao mume akihama wanashukuru, wanapumzika, wanajipangia kitanda. Nilitaka mama awe mmoja wao.

"Lakini ulikuwa umeshamchoka," nikamwambia. "Si ndiyo mama? Ulikuwa umemchoka."

Mama alisimamisha kibanio. Alifikiri kwa kweli, kama mtu anayetaka kunipa jibu sahihi siku ya harusi yangu.

"Hapana," akasema. "Sikuwa nimemchoka."

Akaniambia nirudi ndani, nisinuke moshi.